Pembe za Msambamba: Ukiijua Moja Umezijua Zote

Chukua vijiti vinne: viwili vya sentimita 20 na viwili vya sentimita 12. Vipange virefu vitazamane na vifupi vitazamane, halafu piga msumari mmoja kwenye kila kona bila kukaza. Sasa shika kona ya juu uisukume. Umbo linainama. Sukuma zaidi, linakaribia kulala chini kabisa. Rudisha, linasimama kama fremu ya dirisha. Muda wote huo hakuna upande ulioongezeka wala kupungua hata milimita moja. Kilichobadilika ni pembe tu.

Jambo hilo ndilo linalowasumbua wanafunzi kwenye mtihani na mafundi kwenye kiwanja. Mtu aliyepima pande zote nne za msambamba bado hajalijua umbo lake, kwa sababu pande zilezile zinaweza kutoa maumbo yasiyo na idadi. Anahitaji pembe moja. Akishaipata hiyo, tatu zilizobaki hana haja ya kuzipima.

Pembe zipi hupatikana humo

Msambamba ni umbo la pande nne ambalo kila upande uko sambamba na ule unaotazamana nao. Kwa maana hiyo mstatili ni msambamba, mraba ni msambamba, na rombo (lenye pande nne zilizo sawa) ni msambamba pia. Trapeza siyo, kwa kuwa ina jozi moja tu ya pande sambamba.

Ndani yake utakutana na pembe za aina tatu: pembe kali, iliyo chini ya nyuzi 90, pembe mraba, yenye nyuzi 90 kamili, na pembe butu, iliyo kati ya nyuzi 90 na 180. Lakini hazichanganyiki ovyo. Ama pembe zote nne ni mraba, ama mbili ni kali na mbili ni butu. Hakuna msambamba wenye pembe kali tatu, wala wenye pembe mraba moja tu. Ukiona jibu lako lina pembe mraba moja na nyingine ya nyuzi 70, usiendelee mbele. Rudi ukatafute kosa.

Kanuni zenyewe ni mbili. Pembe zinazotazamana ni sawa. Pembe jirani, yaani zilizo kwenye ncha mbili za upande mmoja, jumla yake ni nyuzi 180. Zote nne zikijumlishwa ni 360, lakini hiyo ni kweli kwa kila umbo la pande nne, kwa hiyo peke yake haikusaidii sana.

Asiyeamini achore msambamba kwenye karatasi, aukate, kisha achane kona mbili za jirani na kuziweka ubavu kwa ubavu, ncha kwa ncha. Kingo za nje zitanyooka kama rula. Sababu iko kwenye mistari sambamba. Zipe kona herufi A, B, C na D kwa kuzunguka umbo. Upande wa AD unakata mistari miwili sambamba, AB na DC. Mstari ukikata mistari sambamba, pembe mbili zilizo ndani, upande uleule wa mkato, hujumlishwa kuwa 180. Kwa hiyo A na D ni 180. Kwa njia hiyohiyo A na B ni 180. Basi B na D lazima zilingane, maana kila moja ni kile kilichobaki baada ya kuondoa A. Kanuni ya kwanza imezaliwa na ya pili, na ukisahau moja unaweza kuitengeneza upya hapohapo.

Kupima kwa kipimapembe

Kabla hujaweka kipimapembe juu ya karatasi, angalia kwa macho: pembe hii ni kali au butu? Jiandikie. Kipimapembe kina safu mbili za namba, moja inaanzia kulia na nyingine kushoto, na kosa kubwa kuliko yote ni kusoma safu isiyo yake. Mtu anapima pembe ya nyuzi 65 na kuandika 115. Kwenye msambamba kosa hili ni baya zaidi kuliko kwenye pembetatu, kwa sababu 65 na 115 zote zimo ndani ya umbo, kwa hiyo jumla yake bado itakuja 360 na hakuna kitakachokushtua. Utakuwa umezipata namba sahihi kwenye kona zisizo zake.

Kosa la pili ni la kuweka ukingo wa plastiki kwenye mstari. Vipimapembe vingi vina mstari wa sifuri ulio juu kidogo ya ukingo wa chini. Mstari huo, siyo ukingo, ndio unaolala juu ya upande, na alama ya katikati ndiyo inayokaa kwenye kona. Pande zikiwa fupi hazifiki kwenye namba, zirefushe kwa penseli. Pembe haibadiliki kwa kurefusha mkono wake.

Kwa pembe iliyo ardhini au ukutani, ambako kipimapembe cha shule hakina maana, tumia futi ya kupimia. Kutoka kwenye kona pima sentimita 100 kwenye kila mkono, weka alama, kisha pima nafasi iliyo kati ya alama mbili. Ikiwa sentimita 100, pembe ni nyuzi 60. Sentimita 115 ni nyuzi 70, 129 ni 80, 141 ni 90, 153 ni 100, 164 ni 110, na 173 ni 120. Hizo zimekaribishwa kwenye sentimita nzima, na kwa kazi nyingi zinatosha. Ukikumbuka 141 tu, tayari unaweza kutofautisha kona kali na butu: pungufu ya hapo ni kali, zaidi ni butu.

Kuchora msambamba usiokosea

Tuseme AB ni sentimita 8, AD ni sentimita 5, na pembe A ni nyuzi 65. Chora AB kwa rula. Weka kipimapembe kwenye A, weka alama kwenye 65, chora mstari na ukate sentimita 5. Hapo ni D. Sasa bikari. Ifungue sentimita 5, chomeka sindano kwenye B, chora tao. Ifungue sentimita 8, chomeka kwenye D, chora tao lingine. Yanapokutana ni C.

Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni kubadilisha vipimo, yaani 8 kutoka B na 5 kutoka D. Utapata umbo la tiara, ambalo pande zilizo sawa ni zinazopakana, siyo zinazotazamana. Linaonekana zuri tu, na ndiyo maana wengi hawalishtukii. Wa pili ni kwamba matao hukutana mahali pawili. Ukichagua pale palipo upande uleule wa A, upande wa DC utakatisha AB kama mkasi. C sahihi iko ng'ambo ya pili ya mstari wa BD.

Ukimaliza, pima mishazari, yaani mistari inayotoka kona moja kwenda kona ya mkabala. AC iwe karibu sentimita 11.1 na BD karibu sentimita 7.4. Mshazari mrefu daima hutoka kwenye pembe kali kwenda pembe kali. Mfupi huunganisha pembe butu. Liweke hilo akilini, tutalihitaji kwenye msingi wa nyumba.

Maswali ya darasani

Maswali mengi ya mtihani kuhusu pembe hizi yanauliza kitu kimoja kwa nguo tofauti: hizi pembe mbili ni jirani, au zinatazamana? Chukua pembe zilizoandikwa 3x + 10 na 2x + 20. Zikiwa jirani, jumla yake ni 180: 5x + 30 = 180, x ni 30, na pembe ni 100 na 80. Zikiwa zinatazamana, zinalingana: 3x + 10 = 2x + 20, x ni 10, na kila moja ni nyuzi 40, huku mbili nyingine zikiwa 140. Maandishi ni yaleyale, majibu hayafanani hata kidogo. Kwa hiyo kabla ya kuandika mlinganyo, weka kidole kwenye kona ya kwanza na utembee ukingoni mwa umbo hadi ya pili. Ukipita upande mmoja, ni jirani. Ukipita pande mbili, zinatazamana. Herufi nazo husaidia: katika ABCD, A na C zinatazamana, B na D zinatazamana, mradi aliyechora amezifuatisha kuzunguka umbo.

Uwiano nao. Pembe mbili za jirani ziko kwa uwiano wa 2:7. Gawanya 180 kwa 9, unapata 20. Pembe ni 40 na 140. Anayegawanya 360 kwa 9 anapata 80 na 280, na hiyo 280 ingetosha kumwambia kuwa amepotea, kwa sababu pembe ya ndani ya msambamba haifiki 180.

Pembe ya nje haina ugumu. Refusha AB kupita B. Pembe iliyo kati ya urefusho huo na BC ni 180 kutoa B, ambayo ni sawasawa na A. Anayelikumbuka hilo anajibu bila kuandika hesabu yoyote.

Mishazari inapoingia

Hapa ndipo alama hupotea nyingi. Mtu akiona mshazari umekata kona, mkono wake unaandika nusu kwa nusu. Mshazari haugawi pembe nusu, isipokuwa kwenye rombo na mraba. Mstatili wenyewe, pamoja na kona zake zote za nyuzi 90, hauna kona ambayo mshazari unaigawa 45 kwa 45, labda uwe mraba.

Njia sahihi ni kutafuta herufi Z: mistari ya juu na ya chini ikiwa sambamba, pembe mbili zilizo ndani ya Z hulingana. Tuseme A ni 70, na mshazari BD umetengeneza pembe ABD ya nyuzi 35. Kwenye pembetatu ABD, pembe iliyobaki, ADB, ni 180 kutoa 70 kutoa 35, yaani 75. Sasa AD na BC ni sambamba, na BD ndiyo mkono wa katikati wa Z. Kwa hiyo CBD ni 75 pia. AB na DC ni sambamba, kwa hiyo BDC ni 35. Hakiki: pembe B yote ni 35 + 75, yaani 110, na 110 + 70 ni 180. Aliyekata B nusu angeandika 55 na 55, wakati swali limeshasema ABD ni 35.

Mishazari miwili inapokatana katikati, hutengeneza pembe nne nyingine, nazo si zile za kwenye kona. Kwenye msambamba wetu wa 8 kwa 5 wenye nyuzi 65, pembe za katikati ni takriban 118 na 62. Iliyo kubwa inatazama upande mrefu. Kwenye rombo na mraba zote nne ni 90, kwenye mstatili wa kawaida siyo.

Msingi wa nyumba

Fundi anaseti msingi wa mita 12 kwa 9. Amefunga kamba, amepima pande: 12, 9, 12, 9. Kila kitu kimetimia, na nyumba inaweza bado kuwa imeinama, kama vile vijiti vya mwanzo. Kupima pande kumemhakikishia kwamba ana msambamba. Hakujamhakikishia mstatili.

Anapima mishazari. Ikiwa sawa, mita 15 kila mmoja, pembe zote ni mraba. Lakini vipimo vyote viwili vinahitajika. Mishazari sawa peke yake haitoshi, maana trapeza yenye mikono sawa nayo ina mishazari sawa. Kwanza pande zinazotazamana zilingane, ndipo mishazari iulizwe.

Tuseme mshazari AC umesoma mita 15.10 na BD umesoma 14.90. Tofauti ni sentimita 20. Watu huogopa wakadhani kona imehama sentimita 20, wakavuta kigingi kiasi hicho, na kosa likahamia upande wa pili. Hesabu yake ni hii: zidisha tofauti ya mishazari kwa urefu wa mshazari unaotakiwa, kisha gawanya kwa mara mbili ya urefu wa upande unaobaki mahali pake. Upande wa AB, mita 12, unabaki. Basi 0.20 mara 15, gawanya kwa 24, ni 0.125: sentimita 12.5.

Wapi pa kusogeza? AC ndio mrefu, kwa hiyo A na C ni pembe kali na B na D ni butu. Pale A kona imebana, yaani kigingi cha D kimeegemea upande wa B. Vigingi vya C na D vyote viwili visogezwe sentimita 12.5 kwa kufuata mstari wao, kutoka C kuelekea D. Usisogeze kimoja tu, utaharibu urefu wa upande wa DC. Baada ya hapo pima upya pande na mishazari. Kwa nyuzi, kosa lile lilikuwa dogo, karibu 0.8 tu: kona zilikuwa 89.2 na 90.8. Jicho halilioni. Litaonekana vigae vya sakafu vitakapofika ukutani, mstari wa mwisho uanze na kipande kipana na kuishia na chembamba.

Wengi huanza kwa 3-4-5: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kamba ya mshazari mita 5, kona ni nyuzi 90. Ni njia nzuri, ila ukubwa wa pembetatu una maana. Ukitumia sentimita 60, 80 na 100, na ukakosea sentimita 1 kwenye mshazari, pembe inakosea nyuzi 1.2, na kwenye ukuta wa mita 12 umeshatoka sentimita 25. Kosa hilohilo la sentimita 1 kwenye mita 3, 4 na 5 linakutoa sentimita 5. Msingi wetu wa 12 kwa 9 ni bahati: 9, 12 na 15 ni 3-4-5 iliyozidishwa mara tatu, kwa hiyo kona nzima inaweza kupimwa kwa mara moja.

Ardhi ikiwa na mteremko, futi ikilazwa chini inasema uongo. Mshuko wa mita 1 ndani ya mita 15 unakuongezea sentimita 3.3. Shikilia futi ilale sawa kwa pimamaji, ushushe timazi kwenye alama. Na ivutwe, ikining'inia katikati inasoma zaidi ya ukweli.

Grili, geti na kiwanja

Mchomeleaji anayetengeneza grili ya marombo hahitaji kipimapembe. Akitaka pembe kali ya nyuzi 60, mshazari mfupi uwe sawa na upande. Kwa rombo la sentimita 15, mshazari mfupi ni 15 na mrefu ni karibu 26. Anakata kipande kimoja cha sentimita 15 kama kipimo, anakiegesha ndani ya kila rombo kabla ya kuchomelea, na yote yanatoka sawa.

Geti la mbao linaloburuta chini ni mstatili uliogeuka msambamba. Upande wa komeo umeshuka. Mshazari unaotoka bawaba ya chini kwenda kona ya juu ya komeo umefupika, na ule mwingine umerefuka. Ubao hustahimili kubanwa, kwa hiyo ubao wa mshazari hutoka bawaba ya chini kupanda kwenye kona ya juu ya komeo. Waya hustahimili kuvutwa, kwa hiyo wenyewe hutoka bawaba ya juu kushuka kwenye kona ya chini. Wanaoweka ubao upande wa waya wanaitegemea misumari ishike mzigo wote, nayo hung'oka.

Na anayenunua kiwanja cha "20 kwa 30" apime pembe moja kabla ya kuhesabu mita za mraba 600. Kikiwa na kona za nyuzi 90, ni 600 kweli. Kona ikiwa nyuzi 75, ni takriban 580. Ikiwa 60, ni 520, na pande zote nne zitasoma 20 na 30 kama muuzaji alivyosema.